Mstari wa Zambarau Chini ya Boneti

Rahma mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ilitakiwa iwe mkononi mwako tangu siku ile shangazi yako alipopiga simu kusema uende Ilula na kale kapikapu kake ka kirikuu, ukambebee vitunguu, na kila siku nilikuwa najiambia leo naandika. Mara Twalha ana homa, mara kuna mzigo wa spea unashushwa bandani kwetu Gerezani, mara nimechoka mpaka macho yanakataa. Visingizio tu. Nilikuwa naogopa, kwa sababu nikishaandika ina maana unaondoka kweli. Sasa begi lako liko mlangoni, sweta la mtumba limekunjwa juu yake, na wewe umelala huku Twalha mdogo wako amekuwekea mguu tumboni. Sina tena pa kujificha.

Mambo ya kula, kufua, kuswali, kumwamkia shangazi yako, hayo sikuandikii. Kama hukuyajua mpaka leo basi nimekulea bure, na najua sikukulea bure. Nataka kukuandikia habari ya gari. Utasema huyu mama naye, mtoto anaondoka nyumbani yeye anaandika habari ya kirikuu. Cheka, lakini soma mpaka mwisho. Tukiyaongea kwa mdomo wewe unanijibu, mimi napandisha sauti, Twalha analia, na yanaishia hapo.

Nikifumba macho naiona siku ile ya kilima cha Pugu. Wewe ulikuwa kwenye usukani, mifuko ya saruji nyuma, jua la mchana, tumeshamaliza nusu ya kilima. Taa ya injini ikawaka. Ukasema, "Mama, taa hiyo." Nikasema labda ni joto. Tukaenda kidogo, injini ikakohoa, ikazima. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama unakanyaga ukuta, na gari ikaanza kurudi nyuma taratibu, na nyuma yetu kulikuwa na lori. Ulivuta hendibreki kwa mikono yote miwili, ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shuka uweke jiwe." Nilishuka nikaokota jiwe, nikaliangusha kwenye mguu wangu mwenyewe. Ulinicheka ninavyochechemea. Na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko gari yenyewe, mwanangu, kwamba wewe huogopi.

Njia ya kwenda Ilula inapita mlima wa Kitonga. Wewe unaijua kwa kusikia. Mimi niliipita nikiwa na mimba yako. Baba yako wakati huo alikuwa anaendesha Fuso ya tajiri mmoja wa Kariakoo, na alikuwa amemwambia fundi amfungulie pampu ya dizeli ili ivute zaidi. Ndivyo walivyokuwa wakifungua magari enzi hizo, bila laptop, bisibisi tu. Nilikuwa na umri kama wako, nimekaa mbele najiona malkia, maana tulikuwa tunayapita malori mengine mlimani kama yameegeshwa. Baba yako anayapigia honi na kucheka. Wakati wa kurudi tulikuwa na mzigo wa mbao. Tukaanza kuteremka, nikasikia harufu. Nikamwuliza kinanuka nini, akaniambia nilale. Nikamtazama, nikaona ameinuka kwenye kiti, anaikanyaga breki kwa uzito wake wote. Aliikwaruza Fuso ubavu mzima kwenye mwamba mpaka ikasimama. Akashuka, akawasha sigara, akacheka tena. Mimi nilitapika kando ya barabara huku nimekushika tumboni.

Nguvu aliiongeza, breki alibaki nazo zile zile. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililinusa mwenyewe.

Ndiyo maana siku ile fundi Side alipokuja bandani kwetu na begi lake la kompyuta niliona baridi. Side si mwongo, nataka ujue nasema hivyo. Nimeziona gari alizozifungua pale Buguruni, kazi yake anaijua. Alisema kiwandani wameibana pumzi kirikuu yetu, tumpe kontroboksi, ule ubongo wa injini, nusu siku tu, gari itapanda mlima inaimba. Nikamwuliza, "Na kushuka?" Akajibu, "Mama Rahma, kushuka kila kitu kinashuka chenyewe." Banda zima likacheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Mimi sikusikia kicheko, nilisikia neno alilosema baadaye wakati anafunga begi. Alisema, na ile taa yenu ya injini nitaizima humo humo, isiwasumbue.

Taa ile ndiyo ilitupa muda Pugu. Iliwaka kwanza, ndipo gari ikazima. Bila taa tungekuwa katikati ya kilima hatujui kitu.

Sasa nikueleze mambo niliyoyaharibu mimi, maana kwenye suala hili la waranti, ile dhamana ya kiwandani, nimekosea mno, na usipoyajua utayarudia.

Tulipoipeleka kule ilikonunuliwa, wewe ulibaki nje na gari, mimi nikaingia na Twalha. Kijana wa mapokezi akaniuliza vizuri tu, kwa heshima, kama kuna kitu tumeongeza kwenye gari. Nikavimba kichwa. Nilimtajia kama mtu anayetaja watoto wake. Honi ya lori, taa za mbele za ledi, keria ya juu, na majani ya springi niliyoyaongeza nyuma ili ibebe, tena nikamwambia nimeyatoa kwenye banda langu mwenyewe na ni mazuri kuliko ya kiwandani. Yeye anaandika tu. Hakuna aliyeniuliza habari za ubora wa springi. Nilikuwa nimeenda kusema kwamba injini inazima ikiwa na joto na mzigo mlimani, na hilo nililisema mwisho, kwa haraka, kama nyongeza.

Halafu wakafungua boneti wakaona zambarau yangu.

Wewe umezaliwa kwenye spea, huoni ajabu. Sisi Gerezani kila kitu tunakitia alama. Mteja anaweza kukurudishia stata mbovu aliyonunua kwa mwingine akasema ni yako, kwa hiyo lazima uwe na alama yako, na mimi yangu ni rangi ya kucha ya zambarau. Na gari mpya ukiiacha gereji yoyote bila alama, unaweza kurudishiwa yenye spea za mtu mwingine. Kwa hiyo siku kirikuu ilipokuja, kabla hata sijaipiga picha, nilichukua kichupa changu nikapita boneti nzima. Betri, oltaneta, stata, kontroboksi. Kwenye kila boliti nilipiga kamstari kamoja, kameanzia kwenye kichwa cha boliti kakaishia kwenye chuma kilicho pembeni. Nilikuwa nailinda kama ninavyomfunga mtoto kitambaa kichwani asipate baridi.

Yule kijana akaniita. "Mama, hii gari imeguswa."

Nikamwambia, "Imeguswa na mimi, mwanangu. Hiyo ni rangi ya kucha."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kumbe nimejimaliza. Waliiendesha kidogo, tupu, kwenye barabara tambarare, ikaenda vizuri. Wakaniletea karatasi nisaini. Ilikuwa ya Kiingereza, na Twalha alikuwa ananivuta gauni anataka chooni, na nyuma yangu kuna watu wanasubiri. Nikasaini. Ulipokuja kunisomea nyumbani ndipo tukajua nimekubali kwamba gari haina tatizo, na kwamba waranti ya injini imesimama kwa sababu gari imefanyiwa mabadiliko. Hukunigombeza. Uliikunja karatasi taratibu ukaenda kumwogesha mdogo wako, na kwangu hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Nilikaa na aibu hiyo mpaka siku moja nikamwachia jirani banda, nikaenda ofisi ile ya serikali wanakosikiliza malalamiko ya wateja. Yule mama niliyemkuta hakuwa na haraka. Alikisoma kitabu chetu cha waranti ukurasa kwa ukurasa, akanionyesha kwa kidole. Kitabu chenyewe kinasema hawatalipia hitilafu iliyosababishwa na kifaa ulichofunga wewe. Hakisemi ukifunga kifaa chochote basi gari nzima inakosa waranti. Akaniuliza, springi ziko wapi? Nikasema chini ya bodi, nyuma. Injini inazima wapi? Mbele. Akasema basi waandike hizo mbili zimekutana wapi. Nilitaka kumkumbatia. Lakini akaniambia pia kwamba maneno matupu hayatoshi, hasa kwa mtu aliyekwisha kusaini.

Ukikataliwa kitu, mwanangu, usigombane, na usijitetee sana kama mimi. Mwombe mtu aandike sababu. Wengi wanaosema hapana kwa mdomo, wakipewa kalamu wanaanza kufikiri. Na karatasi usiyoielewa usiisaini hata kama mtoto anajikojolea. Mtoto atafuliwa nguo.

Nilimsihi shangazi yako aache gari ibaki hapa mpaka kieleweke. Akaniambia, "Wifi, vitunguu haviwezi kusubiri kesi yako." Nami nitasemaje, gari ni ya kwake, mimi ni mama wa mtoto wa kaka yake tu, tena kaka mwenyewe yuko Songea na mke mwingine. Nilichopata kwake ni hiki, na amekubali kwa kuapa: unaenda tupu, bila hata gunia moja, na gari haibebi kitu mpaka uipeleke kwenye tawi la hao waliouza gari pale Iringa mjini waiangalie upya ikiwa ya moto, mlimani. Hapo sikurudi nyuma, na wewe usirudi nyuma akikubembeleza.

Sasa nakuja kwenye kitu kinachonikosesha usingizi.

Jumamosi uliniambia unaenda Mchikichini kutafuta sweta. Ulirudi na sweta, sikatai, zuri na halina tundu. Jumapili nilipanda garini kwenda bandani, miguu yangu haikufika kwenye klachi. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Wewe na mimi tuko sawa kwa urefu, Rahma, tunakaa tumebanana na usukani kama tunataka kuula. Side ni mrefu.

Sikukuuliza. Nilisogeza kiti mbele nikaendesha. Na njiani sikujua kama gari inavuta kuliko zamani, au ni moyo wangu ndio unaokwenda mbio.

Siku hiyo hiyo bandani mteja akanirudishia oltaneta. Anasema haichaji, ni mbovu, hajaigusa hata kidogo. Nikaigeuza kutafuta zambarau yangu. Alama ipo, lakini kale kamstari kamekatika, nusu iko kwenye boliti inatazama huku na nusu iko kwenye chuma inatazama kule. Nikamwambia kaka umeifungua hii. Akakataa, nikamwonyesha, akaondoka nayo.

Nilibaki nimekaa kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa. Alama ileile waliyoniambia inaonyesha gari imeguswa, ndiyo inayoonyesha haijaguswa. Mstari ukiwa mzima, boliti haijawahi kuzunguka tangu siku nilipoipaka. Walikuwa nao mbele ya macho yao na mimi nilikuwa nao mbele ya macho yangu, tukaishia kucheka. Nilifunga banda mapema, nikakimbilia kwenye gari nikapige picha nimpelekee yule mama ofisini.

Nikaweka mkono kwenye boneti. Ndipo nikakumbuka kiti.

Kontroboksi haitoki bila kufungua boliti zake. Kama umeipeleka kwa Side, mistari imekatika. Kama hukuipeleka, ni mizima. Ilikuwa kuinua boneti tu. Sikuinua, mwanangu. Ningeinua ningekuwa nimekuita mwongo kabla hujasema neno, nawe ungenijibu kwa hasira, na kesho ungeondoka tumenuniana. Labda nimekosea na hapo pia. Labda mama mwenye akili angeinua. Lakini nataka uangalie wewe, na uniambie wewe.

Hata kama ulienda, najua kwa nini. Ulikuwa hutaki kuzimikiwa Kitonga na mama yako hayupo wa kuweka jiwe. Ulikuwa unatafuta usalama kwa njia unayoijua. Sikulaumu kwa kutaka gari yenye nguvu. Waranti ikiisha, na breki zikiwekwa za kufanana na nguvu hiyo, nenda kwa Side mchana kweupe, nami nitakusindikiza, akuandikie alichobadilisha. Lakini leo gari ina ugonjwa wa kiwandani, na wao ndio wa kuutibu. Tukiigusa tunawapa sababu ambayo hawakuwa nayo. Hiyo ni hasara, na hasara nimeizoea. Taa iliyozimwa siwezi kuizoea. Kama Side aliizima, utakuwa unapanda Kitonga bila onyo lolote.

Kwa hiyo barua hii nitaiweka ndani ya kitabu cha waranti, na asubuhi nitakuambia uifungue Ruaha Mbuyuni, kabla mlima haujaanza. Huko kote nyuma ni tambarare au vilima vya kawaida, na tupu haijawahi kutuzimikia. Hapo Ruaha Mbuyuni utasimama, uzime gari, usubiri ipoe, uinue boneti. Mistari ikiwa mizima, panda, gia nzito, polepole, na taa ikiwaka weka pembeni papo hapo usibishane nayo. Nyuma ya kiti nimekuwekea gogo la kuzuia tairi, nimelichongesha, usitegemee mawe. Mistari ikiwa imekatika, gari ilale hapo hapo na wewe upande basi. Shangazi yako anajua. Alinung'unika, nikamwambia vitunguu vitaota vingine. Atatuma mtu na lori kuja kuivuta.

Hakuna atakayekusema. Mimi ndiye niliyefundishwa na baba yako kwamba anayeogopa analala. Wewe sitaki ulale, nataka uogope ukiwa macho.

Usiku huu nimekutazama mara nyingi kuliko nilivyotazama karatasi. Una kovu lako la pasi mkononi na unakoroma kidogo, kama babu yako. Sijui kukuaga. Najua kuomba vitu, basi naomba hivi unitumie kwenye simu, nimpelekee yule mama:

Picha ya kitabu cha waranti, ule ukurasa wenye muhuri wa sevisi ya kwanza. Nilitaka kuipiga hapa, lakini simu yangu inatia ukungu.

Picha ya kilomita, ukiwa umesimama, siyo unaendesha.

Picha ya springi nilizoongeza, ipigwe kwa mbali, ionekane ziko wapi na injini iko wapi.

Kama itazima tena popote, video ya taa, lakini ukishaweka gogo, ukishashuka, ukishakaa mbali na barabara.

Jina la atakayekupokea pale Iringa, na akikataa, sababu yake kwa mwandiko wake.

Picha za boliti za kontroboksi, zote, kwa karibu, mstari uonekane. Mizima au imekatika, tuma. Ikiwa imekatika tuma hiyo kwanza, na usiandike maelezo yoyote, nitajua, na sitapiga simu kukufokea.

Halafu ukifika juu ya Kitonga, kwa kirikuu au kwa basi, nitumie neno lolote. Hata nukta. Simu nitakuwa nayo mkononi, banda sitafungua.

Mama yako